Kumi na Saba kati ya Sitini

Ukienda kuziba pancha kwa Fundi, usiwe na haraka. Kwanza utakalishwa kwenye kasha la betri, upende usipende, uonyeshwe gari jekundu la viti viwili lililoegeshwa ndani kabisa ya gereji. Turubai litafunuliwa taratibu, utadhani kuna mgonjwa chini yake. Kisha utaambiwa kwamba gari hilo la spoti ni la mwaka ule ule wa kwanza aina yake ilipoanza kutoka kiwandani, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Kwamba Fundi alilinunua likiwa mzoga, kuku wanatagia kwenye buti. Na kwamba leo hii kila skrubu iliyomo ni ile ile iliyofungwa na kiwanda. "Hakuna cha bandia humu," atakwambia, huku akilipiga boneti kofi la mapenzi. "Asili tupu!" Wewe na pancha yako mtasubiri.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akampa shemeji.

Shemeji huyo ni mdogo wa mkewe, muuza vigae mwenye duka kubwa, mtu mkarimu, mcheshi, ila kichwa kilimvimba siku aliponunua gari lake. Gari la aina ile ile ya Fundi lilipotimiza miaka hamsini, kiwanda kilichimbua michoro ya zamani kabatini kikatengeneza toleo la maadhimisho: magari sitini, dunia nzima, basi. La shemeji lilikuwa la kumi na saba. Namba hiyo ilichongwa kwenye kibao cha shaba pale dashibodi, ikachongwa kwenye injini, ikachongwa kwenye kila kipuri chenye nafasi ya kuchongwa. Toka hapo shemeji hakuweza tena kumaliza sentensi bila kuitaja. Ukimuuliza saa atakwambia saa nne, kisha ataongeza kwamba kwenye namba kumi na saba kati ya sitini ni saa nne na dakika mbili. Watu walichoka, wakambatiza Kumi na Saba. Yeye akafurahi, maskini, akadhani ni heshima.

Wawili hawa walibishana kila Jumapili mezani kwa Fundi. Mkewe Fundi aliwaacha wapayuke, na wakati huo alijipakulia vipande vizuri vya nyama bila mtu kumwona.

"Shemeji, gari lako linanuka petroli," Kumi na Saba angeanza.

"Lako linanuka duka."

"Langu lina kitabu chenye jalada la ngozi, kimesainiwa na mkurugenzi wa kiwanda kwa mkono wake."

"Langu limesainiwa na kuku. Buti zima."

"Na usukani je? Umeuona usukani? Wameutengeneza uonekane kama umeshikwa miaka mingi. Wameuchakaza kwa mashine, taratibu, huko huko kiwandani."

Hapo Fundi aliweka kijiko chini. "Ngoja. Umenunua uchakavu?"

"Ni toleo maalumu, shemeji."

"Mimi uchakavu wangu nimeutolea jasho miaka thelathini, wewe umefungiwa dukani kwenye boksi!"

Lakini tuseme ukweli, maana Fundi mwenyewe hawezi kuusema. Kuna siku alikwenda kwa shemeji akamkuta hayupo, akachungulia ndani ya ile namba kumi na saba. Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Akaingiza pua. Ile harufu ya ngozi mpya, na ile rangi nyekundu isiyo na hata mkwaruzo mmoja, na mlango unaofunga bila kelele! Alisimama pale kama amefungwa kamba. Aliporudi nyumbani hakumwambia mtu, na usiku huo hata chakula hakikumpanda.

Mabishano haya yasingemdhuru mtu, kama binti wa Fundi asingetangaza siku ya harusi.

Binti huyu ndiye pekee waliyejaliwa. Alikulia miongoni mwa spana na mafuta machafu, akasoma, akawa mkaguzi wa magari wa serikali, tena mkali, hana shangazi wala mjomba kazini. Aliwahi kumnyima stika bosi wake mwenyewe kwa sababu ya taa moja ya breki. Siku alipozaliwa, Fundi ndiye aliyemtoa hospitali kwa lile gari jekundu, mama yake amempakata, na njiani Fundi alikula kiapo kwa sauti: "Huyu mtoto, siku ya harusi yake nitampeleka kwa gari hili hili, mimi mwenyewe kwenye usukani." Mkewe alimwambia aangalie barabara. Lakini kiapo kilikuwa kimeshaapwa, na tangu siku hiyo, kila alipokuwa chini ya gari lile akihangaika na nati iliyogoma, alikuwa anaiona ile safari. Yeye na mwanawe, watu wawili, viti viwili.

Basi Jumapili ile, ikiwa imebaki wiki moja kasoro siku, Kumi na Saba alifuta mdomo akakohoa kikohozi cha mgeni rasmi.

"Mwanangu," alimwambia bibi harusi, "zawadi yangu nimeshaifikiria. Jumamosi mjomba wako nitakupeleka ukumbini kwa namba kumi na saba."

Fundi akaacha kutafuna. Alipiga hesabu haraka haraka: viti viwili, kimoja cha bibi harusi, kingine cha Kumi na Saba. Yeye baba mtu angekwenda nyuma kwa basi la kukodi, amebanwa katikati ya mashangazi na masufuria.

"Bibi harusi ana dereva," akasema.

"Ana dereva, ndiyo, ila gari lenyewe shemeji ni la makumbusho."

"Na lako ni la kabatini!"

"Mwacheni mtoto aseme mwenyewe," mkewe Fundi akaingilia.

Binti akamtazama baba yake, akamtazama mjomba wake. Wote wawili walikuwa wamemkodolea macho kama watoto wanaosubiri kugawiwa. Angemchagua nani asimuumize mwingine? Akakimbilia kazi yake.

"Nitayakagua," akasema. "Litakalofaulu ndilo nitakalopanda. Jumatano saa kumi, hapa hapa gerejini."

Fundi hakulala vizuri siku tatu. Alilisugua gari mpaka ukiinama unaona meno yako. Alijaribu taa, alijaribu honi, alibadilisha maji ya vifuta kioo. Kitu kimoja tu hakukigusa, na ndicho kilichokuwa kikimkaa kooni: silinda kuu ya breki. Ile silinda ilikuwa inavuja. Haikuanza juzi. Nyingine mpya ingepatikana tangu zamani, ila isingekuwa ya kiwandani, na Fundi alishajitapa kwa mji mzima kwamba humo hakuna cha bandia. Kwa hiyo yeye alikuwa akiongeza mafuta ya breki kila kabla ya kuwasha, kisha anapampu pedali. Ukipampu mara tatu, inashika. Mara nne, kama kuna mteremko.

Jumatano ikafika. Kumi na Saba alikuja juu ya lori. Gari namaanisha, si mwenyewe. Mwenyewe alikuwa mbele na dereva wa lori, akimsihi aende polepole. Vibarua wanne wa duka la vigae wakalishusha kwa mbao, na magurudumu ya nyuma hayakuzunguka hata kidogo, yaliburuzwa kama mbuzi anayepelekwa asikotaka.

"Breki zake ni kali sana hizo," Kumi na Saba akawaeleza waliokuwepo.

Binti alikuja na sare yake ya kazi, tochi mkononi, fomu kwenye ubao. Hakumwamkia mtu kimzaha. Alifungua mlango wa gari jipya, akakuta viti bado vimevaa nailoni.

"Mjomba, hii nailoni itatoka?"

"Itoke? Hiyo ni ya kiwandani, mwanangu!"

"Nitakaa juu yake na gauni la harusi?"

"Utateleza kidogo tu. Mkanda utakushika."

Akaandika. Akatazama kilomita: kumi na moja. Miaka miwili, kilomita kumi na moja. Akazungusha ufunguo, kimya. Betri ilishakufa zamani. Fundi, kwa roho nyeupe ya mtu anayeona ushindi, akaleta waya akaliazima umeme, na injini ikawaka. Lo! Sauti ile ilikuwa tamu jamani, nzito, imetulia, hata vibarua wakaacha kuongea. Fundi akameza mate. Kisha binti akaingiza gia, akaachia klachi, gari likatetemeka mahali pale pale, likazimika. Alilala chini, akamulika, akainuka anajipangusa magoti.

"Breki za nyuma zimegandiana na ngoma zake. Kutu. Hili gari limesimama mpaka limesahau kutembea."

Ikaja zamu ya Fundi. Lake liliwaka mara ya kwanza, vibarua wakapiga makofi. Binti akaliendesha kuzunguka ua, vizuri kabisa, raundi ya kwanza, ya pili, halafu akakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka sakafuni. Gari halikuwa na habari. Lilikwenda zake taratibu, kwa adabu, likaingia kwenye rundo la tairi kuukuu, tairi moja likaporomoka likakaa juu ya boneti.

"Hujapampu!" Fundi akapiga kelele. "Mwanangu, si ungepampu!"

Binti akashuka. Alilala tena chini na tochi yake, akakaa huko muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Alipotoka, alimwonyesha baba yake kidole kilicholowa mafuta ya breki.

"Moja halisimami," akasema, "lingine haliendi. Yote yamefeli."

Hapo ndipo mkewe Fundi, aliyekuwa ameketi kwenye kasha la betri akimenya chungwa, aliposema jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa mahali pale kwa miaka miwili. "Si mtoe hiyo silinda kwenye hili lisiloenda, mtie kwenye hilo lisilosimama? Vipuri si vya mchoro ule ule?"

"Haiwezekani!" wanaume wawili wakajibu kwa mpigo. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana.

"Imechongwa namba," alilia Kumi na Saba. "Ukiitoa, halitakuwa kamili tena!"

"Si ya mwaka wake," akasema Fundi. "Nikiitia, halitakuwa la asili tena!"

Binti akavua kofia yake ya kazi. Ukaguzi ulikuwa umekwisha, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kazini. "Sikuwauliza gari lipi zuri. Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aniambie, mwanangu, utafika salama. Basi. Jumamosi nitakwenda na pikapu ya ofisi. Dereva wa ofisi atanipeleka."

Ile pikapu Fundi aliijua. Ilikuwa na ngazi juu na koni za barabarani nyuma. Binti akaondoka bila kuaga, na Fundi akabaki ameshika tairi lililokuwa juu ya boneti, hajui aliweke wapi. Aliona aibu, na chini ya aibu aliogopa. Kama si lile rundo la tairi? Kama ingekuwa Jumamosi, barabarani, na mtoto pembeni?

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa shemeji. Alikwenda kwa miguu, ili apate nafasi ya kumeza kiburi chake kidogo kidogo. Mlango wa gereji ulikuwa umerudishiwa, na ndani alisikia mtu anajisemesha.

"Kushoto chini. Gia ya kwanza. Kushoto achia, kulia kanyaga. Hapana. Kushoto..."

Fundi akasukuma mlango. Kumi na Saba alikuwa amekaa ndani ya gari lake lisiloenda, lililorudishwa kwa lori, mikono kwenye usukani, macho yamemtoka kwa hofu.

"Shemeji," akasema Fundi polepole, "hujui klachi?"

Kumi na Saba alinywea. "Nimezoea magari yanayojibadili gia yenyewe," akasema. "Siku walipolileta, lilinizimikia mara tatu pale getini, majirani wanatazama. Nikasema nitajifunza. Nikanunua turubai kwanza. Zile kilomita kumi na moja ni za dereva aliyelileta."

"Na Jumamosi ungefanyaje?"

"Ningeugua."

Fundi alisikia kicheko kinapanda kutoka tumboni. Miaka miwili ya Jumapili! Angeweza kumaliza ubishi wote siku hiyo hiyo, mezani, mbele ya ukoo, na Kumi na Saba asingeinua uso tena. Lakini alimwangalia yule mtu mzima alivyojikunyata kwenye nailoni, akajiona mwenyewe.

"Na mimi nina miaka sita natembea bila breki," akasema.

"Sita!"

"Napampu."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka sijui ni nani, ila walicheka mpaka Kumi na Saba akateleza kwenye kiti chake. Walipotulia, Fundi aliinama dirishani.

"Shemeji, nakuomba ile silinda. Nakuomba kabisa. Nimesubiri siku hii tangu mtoto akiwa na uzito wa kilo tatu. Sitaki apelekwe na dereva wa ofisi."

Kumi na Saba alikipapasa kile kibao cha shaba kwa kidole gumba. Alikipapasa weee, Fundi akakata tamaa. Mwishowe akatoka ndani ya gari akafungua boneti mwenyewe.

"Toa," akasema. "Toa upesi kabla sijabadili mawazo. Na mtu asisikie habari za klachi."

"Zipi hizo?"

Kumi na Saba akageukia ukutani akaziba masikio kwa viganja, asisikie spana.

Ijumaa binti alikagua tena. Alikanyaga breki mara kumi, gari likasimama mara kumi. Kisha alifungua boneti, na tochi yake ikaangukia kwenye silinda inayong'aa katikati ya vyuma vikongwe, na namba zake zilizochongwa vizuri, kumi na saba kati ya sitini. Alizisoma kama mtu anayesoma barua. Baba yake na mjomba wake walikuwa wamesimama pembeni, wamejifanya wanaangalia mambo mengine. Akasaini fomu, akapenga kamasi kwa kitambaa cha kufutia oili, na pua ikabaki nyeusi mpaka mama yake alipomkamata.

Jumamosi safari ikaanza. Mbele gari jekundu, Fundi kwa suti, binti kwa gauni lililojaa mpaka kwenye gia. Nyuma basi la kukodi, na kiti cha mbele kabisa amekaa Kumi na Saba, akiwasimulia mashangazi ni breki za nani zinazolisimamisha gari lile.

Miaka thelathini Fundi alikuwa ameiona safari hii akiwa chini ya gari, na katika kuiona kwake haikuwa na urefu. Sasa aligundua kwamba kutoka nyumbani mpaka ukumbini ni dakika kumi na tano. Akapunguza mwendo. Mwendesha baiskeli akawapita. Basi likapiga honi, Fundi akapunga mkono kwa adabu, hakuongeza hata nukta.

Walifika kwenye mzunguko wa barabara. Njia ya ukumbini ilikuwa ya pili, ukumbi wenyewe unaonekana, watu wamesimama nje. Fundi akaipita.

"Baba, umepita njia."

"Nimeona."

Wakazunguka. Basi nalo likazunguka nyuma yao, shingo za mashangazi zimetoka madirishani. Njia ikaja tena, na Fundi akaipita tena, mikono imeng'ang'ania usukani.

"Kwenye mtihani ningeshakufelisha," binti akasema. Kisha akageuka amtazame vizuri. Mzee alikuwa anaangalia mbele moja kwa moja, uso wote umelowa, hajifuti.

"Baba, breki zina tatizo?"

"Hazina, mama. Zinashika vizuri sana."

Binti akageukia dirishani. Aliona ukumbi unapita upande wake, aliona watu wanainua mikono, kulikoni, aliona na saa. Hakuna dereva mwingine ambaye angemsamehe jambo kama hilo. Akakusanya gauni lake, akaegemea kiti.

"Basi zunguka tena," akasema. "Lakini hii iwe ya mwisho."

"Ya mwisho," Fundi akaitikia, akazunguka.